Donge Lililowekwa Juani

Donge lilikuwa refu kama mchi mdogo, limefungwa kwanza kwa nailoni, kisha kwa kipande cha shuka. Tangu Julai lilikaa kwenye sehemu ya barafu ya friji ya mafuta ya taa, na lilikuwa limeganda kiasi kwamba ukiligonga mezani lililia kama ubao. Ndani yake mlikuwa na unga wa ngano, sukari, siagi na mayai. Mwaka ule wa 1979, baada ya vita, hakuna duka la Majengo, mjini Mpanda, lililokuwa na kimoja kati ya vitu vitatu vya kwanza. Mayai yalipatikana.

Aliyelikanda alikuwa mama wa Kidenishi, mke wa bwana shamba wa mradi wa tumbaku, wiki moja kabla ya kurudi kwao. Alitumia pakiti yake ya mwisho ya unga. Bibiana, mpishi wa nyumba, alisimama pembeni akiangalia, na alipoelezwa namna ya kulitumia alirudia maelezo kwa sauti ili asiyasahau.

"Asubuhi nalitoa," alisema Bibiana. "Naliweka kivulini. Silifunui."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kisu kipite nikikikandamiza, lakini donge lenyewe libaki duara."

"Na ukiliharakisha?"

"Siagi inatoka."

"Na ikishatoka hairudi," alisema yule mama. "Mama mpya akifika, mwokee hizi siku hiyohiyo. Akishakula biskuti zako hatatafuta mpishi mwingine."

Alisema hivyo akicheka. Bibiana hakucheka. Alilichukua neno lile kama mpango, kwa sababu mpango mwingine hakuwa nao.

Yeye na mumewe Celestin walikuwa wakimbizi. Walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, na makazi ya Katumba yalipofunguliwa mwaka uliofuata walipewa shamba huko. Mkimbizi aliyetaka kuishi mjini alihitaji kibali, na kibali cha Bibiana kilitegemea kazi ya jikoni katika nyumba hii iliyokuwa ukingoni mwa mji, upande wa Misunkumilo. Celestin aliishi naye katika chumba cha uani kwa kibali hichohicho. Binti yao Kasilda alibaki Katumba kwa bibi yake.

Celestin alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa amelazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa kutoka wodini kwa sharti kwamba kila asubuhi arudi hospitali kuchomwa sindano, na awamu ya sindano ilikuwa haijafika nusu. Katika kijiji chao huko Katumba zahanati ilikuwa na vidonge vya malaria, dawa ya macho na bandeji. Sindano zile haikuwa nazo. Muuguzi alimweleza Celestin zaidi ya mara moja kwamba akikatiza, ugonjwa utarudi, na ukirudi huenda dawa ileile isiuweze tena. Kwa hiyo kama mama mpya angemwacha Bibiana jikoni, Celestin angemaliza sindano. Kama asingemwacha, asingemaliza. Hesabu ile haikuwa na jibu la tatu.

Kuanzia siku Wadenishi walipoondoka, mafuta yote ya taa ambayo Bibiana aliyapata kwenye foleni yaliingia kwenye friji. Chumbani kwao walikula kabla ya jua kuzama kwa sababu kibatari kilikuwa kikavu. Alijifunza kuukata utambi kwa wembe ili mwali uwe wa buluu. Mwali wa njano ulitoa masizi na friji haikupoa. Ndani ya friji hamkuwa na kitu kingine isipokuwa lile donge. Ubaldo, mlinzi wa nyumba, mwenyeji wa kabila la Wabende, wa makamo, aliyekuwa hodari wa kuchokoza watu, alisema hajawahi kulinda mzigo mdogo kama ule kwa mafuta mengi kama yale.

Ubaldo ndiye aliyeleta habari. Alitoka stesheni asubuhi moja ya mwezi wa kumi, wakati joto limekwisha kuwa kali na mvua bado.

"Shemeji, wageni wako ni leo."

"Umeambiwa na nani?"

"Na stesheni masta mwenyewe. Meneja mpya na familia yake wamepanda Kaliua. Treni isipoharibika inafika alasiri. Ikiharibika, inafika siku atakayopenda Mungu."

"Usinichezee, Ubaldo."

"Ningetaka kukuchezea ningekuambia wanakuja na sukari."

Bibiana alifungua friji, akainama kuangalia tangi lake. Mafuta yaliyobaki yalifunika sehemu ya chini tu. Hata kama treni ingechelewa, friji isingefika kesho. Alilitoa donge.

Alilipeleka chumbani kwao uani, kwa sababu nyumba kubwa ilikuwa na bati bila dari upande wa jikoni na ilipata moto mapema. Chumba chao kilikuwa na ukuta mnene wa tofali za udongo na dirisha dogo. Aliliweka juu ya tofali, karibu na mtungi wa maji, mahali palipokuwa na ubaridi kuliko pengine pote katika nyumba ile. Celestin alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka sindano, amekaa kitandani akipumzika.

"Lile ni donge la wageni," Bibiana alimwambia. "Nalitaka lilainike. Mimi naenda kupiga deki nyumba kubwa, halafu nishuke Majengo kutafuta maziwa."

"Nikusaidie nini?"

"Pumzika tu, baba Kasilda."

Jibu hilo Celestin alikuwa amelisikia kwa miezi mingi, na halikumpendeza.

Kabla hajaugua, yeye na mkewe walikuwa wakiuza maandazi Katumba, penye ghala la kununulia tumbaku. Bibiana alikanda, Celestin alishughulikia yaliyobaki: alikata kuni, alichemsha mafuta, na zaidi ya yote alikuwa mtu wa kuumua unga. Asubuhi za Juni, baridi inapokuwa kali na hamira inapokuwa ya zamani, unga hukataa kuumuka. Celestin aliliweka beseni juani juu ya kipande cha bati, akalifunika kwa kitambaa cheusi, akaligeuza kadiri jua lilivyogeuka. Wanawake wengine wa pale walimletea mabeseni yao. Walimwita fundi. Hakuwahi kuharibu unga hata siku moja.

Basi Bibiana alipokwenda Majengo, Celestin alinyanyuka akaligusa lile donge. Lilikuwa gumu, na baridi yake ilimchoma vidole. Alisubiri. Aligusa tena. Nje limelainika kidogo, ndani bado jiwe. Wageni wanakuja alasiri, mkewe yuko mbali, na unga umekaa kwenye baridi tangu Julai. Alivyojua yeye, unga uliopigwa na baridi una dawa moja. Alilifungua kutoka kwenye nailoni, akaliweka katika beseni, akalifunika kwa kitambaa, akaliweka juu ya bati la banda la kuku. Kisha akakaa karibu nalo, akiligeuza beseni kila jua liliposogea.

Bibiana aliporudi na maziwa alimkuta hapo.

"Mama Kasilda, nimekusaidia," Celestin alisema. "Lilikuwa limekataa kuumuka. Sasa angalau limeanza kulegea."

Bibiana aliweka chupa ya maziwa chini. Aliondoa kitambaa. Umbo la mchi lilikuwa limekwisha. Katikati ya beseni palikuwa na rundo la rangi ya mchanga mbichi, na kulizunguka pande zote palikuwa na siagi, safi na ya njano, imetulia kama maji. Nzi wawili walikuwa ndani yake.

"Umeliweka lini?"

"Ulipotoka tu. Baada ya kutoka. Kwa nini?"

"Hili haliumuki, baba Kasilda. Halina hamira."

"Halina hamira?"

"Halina."

"Sasa unga usio na hamira unapikwaje?"

"Unakatwa. Unakatwa vipande vikiwa na baridi, vinaokwa."

Celestin alilitazama beseni. Ubaldo alikuwa amesogea, akachungulia juu ya bega la Bibiana.

"Hiyo si biskuti tena, shemeji," alisema. "Hiyo wageni mtawamiminia kwenye vikombe." Kisha aliuona uso wa Celestin, akaondoka kwenda kufagia geti ambalo lilikuwa safi.

Bibiana hakupoteza muda kwa maneno. Alitoa nzi kwa ncha ya kisu. Alilihamisha rundo pamoja na siagi yake kwenye sufuria, akaiweka sufuria ndani ya karai la maji ya mtungini, akafunika kwa kanga iliyoloweshwa. Alifungua friji kujaribu. Mwali ulikuwa umezimika, na ndani hamkuwa na baridi kuzidi ile ya mtungi. Alirudi kwenye karai. Alibadilisha maji mara kwa mara. Siagi iliacha kuwa maji ikawa mafuta mazito, lakini haikuganda, na alipojaribu kuichanganya na unga iliteleza pembeni, kama alivyoambiwa.

Alikuwa na unga wa muhogo. Aliuchekecha kupitia kanga kuukuu, ule laini kabisa tu, akaongeza kijiko kimoja kimoja, akichanganya kwa ncha za vidole ili kiganja kisiupashe moto. Aliwasha kuni katika jiko la chuma la nyumba kubwa. Oveni ilipopata moto alioka biskuti moja ya kujaribia. Ilitawanyika sinia zima ikawa kama chapati yenye matundu. Aliongeza unga wa muhogo, akaoka nyingine. Ilitanuka, ikasita, ikabaki. Kingo zake zilikuwa nyeusi kidogo na juu ilikuwa na mipasuko. Aliivunja akaionja. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na chembechembe ulimini ambazo zile za Wadenishi hazikuwa nazo.

"Zimekubali?" Celestin aliuliza kutoka mlangoni. Jikoni hakuingia.

"Zimeshikana."

"Lakini zimekubali?"

"Kaa mbali na moshi," alisema Bibiana. "Utakohoa."

Treni haikuharibika. Lendrova ya mradi ilileta wageni jua likiwa bado juu ya miti. Alishuka kwanza Bwana Stanslaus, meneja mpya, mtu mrefu mwenye miwani aliyehamishwa kutoka Urambo, naye alianza mara moja kulikagua bati. Alifuata mkewe, Mama Eufrazia, mnene, mchangamfu, amechoka. Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa nguo nyeusi za msiba. Huyo alisubiri mizigo yake mwenyewe ishushwe: godoro lililofungwa kwa kamba, na rundo la sufuria zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, ya nje ikiwa imeungua kitako kwa matumizi ya miaka mingi.

Bibiana aliziona zile sufuria kabla hajasema karibuni.

Aliwakaribisha. Aliandaa chai ya maziwa, akaweka biskuti kwenye sahani nyeupe iliyoachwa kabatini. Mama Eufrazia aliipokea sahani kwa mikono miwili.

"Jamani! Biskuti! Mimi huko njiani naambiwa Mpanda hakuna hata sukari!"

"Hakuna, mama. Hizi ni za akiba."

"Baba, njoo ule. Zina siagi hizi. Siagi kabisa."

Bwana Stanslaus alikula tatu akiwa amesimama, macho juu. Aliuliza kama jikoni panavuja. Bibiana alisema panavuja kona moja, karibu na jiko. Mwanamke mwenye nguo nyeusi alikula moja, polepole, akiitafuna kwa meno ya mbele.

"Humu mna muhogo," alisema.

"Umo, dada. Kidogo."

"Siagi ilikukimbia."

"Ilinikimbia."

"Umefanya vizuri. Bila muhogo zingetawanyika." Alichukua ya pili.

Mama Eufrazia aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa kusema jambo kabla halijapoa.

"Bibiana, ofisini tumeambiwa habari zako, na wote wamekusifu. Nisikudanganye. Huyu ni wifi yangu, Emerensiana, dada wa bwana. Mume wake alifariki mwaka jana, na ndugu wa mume wamechukua nyumba. Sasa yuko na sisi. Jikoni atakaa yeye."

"Ndiyo, mama. Na kufua?"

"Kufua nako atafanya. Kwani sisi tuko wangapi?"

"Bustani iko kubwa, mama. Nyie ni wageni, hamjaiona. Upande wa nyuma inafika mpaka kwenye mfereji."

"Bustani Ubaldo atalima, ameshatuambia getini." Mama Eufrazia alimtazama mumewe.

"Mume wangu anachomwa sindano hospitali," alisema Bibiana. "Bado hajamaliza. Kule kijijini hazipo. Siombi mshahara. Naomba chumba cha uani mpaka amalize."

Hapo Bwana Stanslaus aliacha kuangalia bati. Alizungumza kwa upole na kwa ufasaha, kama mtu anayesoma.

"Dada yangu, chumba si tatizo. Kibali mimi sikitoi. Mimi naulizwa swali moja: huyu ni mfanyakazi wako? Nikisema ndiyo na wewe hufanyi kazi, nimedanganya serikali, na mimi hapa leo ni siku yangu ya kwanza. Nikisema hapana, wewe ni wa kurudi Katumba. Unaona njia nyingine?"

Bibiana alifikiri kwa dhati kama ipo. "Sioni," alisema.

"Basi mkae mpaka lori la Jumamosi. Hilo hakuna atakayeniuliza."

Bibiana alipokusanya vikombe Emerensiana alimfuata jikoni, akasimama karibu na jiko ambalo bado lilikuwa na moto.

"Dada, mimi sikuiomba kazi yako," alisema.

"Najua."

"Nikiwaambia wakuchukue wewe, mimi naenda wapi?"

"Sijakuambia uwaambie." Bibiana alimwonyesha mlango wa oveni, ambao ulikuwa lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunge, na mahali utambi wa friji unapokatwa. Emerensiana alisikiliza kwa makini na kuuliza maswali yaliyofaa.

Mama Eufrazia alifunga biskuti zilizobaki kwenye karatasi. "Mpelekee mgonjwa," alisema.

Celestin alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, kama anayesubiri kuitwa. Bibiana alimpa lile furushi na kumweleza yote kwa mpangilio: nani alishuka, nani alikula, nani alisema nini. Hakuruka kitu. Celestin aliuma biskuti moja, akaitafuna kwa muda mrefu.

"Zina mchanga," alisema.

"Ni muhogo."

"Zingekuwa zile zenyewe, wangekubakiza."

"Wifi yake alipanda treni na godoro lake, baba Kasilda. Alipanda kabla wewe hujaligusa donge. Sufuria zake amekuja nazo."

"Mtu anaweza kuja na sufuria akaambiwa azitundike."

"Ndugu wa damu?"

"Yule mama amekula biskuti zenye mchanga akafurahi. Umesema mwenyewe amefurahi. Angekula zile zenyewe je? Angesema, wifi, wewe pumzika, una msiba, huyu apike. Wangempa wifi chumba ndani. Nyumba ni kubwa ile."

"Hawakuwa na nafasi yangu. Tangu mwanzo haikuwepo."

"Ilikuwepo," alisema Celestin. Alisema kwa sauti ya juu, na ile sauti ikamletea kikohozi. Kilipotulia alipangusa mdomo. "Ilikuwepo, mimi nikaiweka juani. Usiniambie haikuwepo."

Bibiana alikusudia kumjibu. Alikuwa na ukweli wote upande wake na angeweza kuupanga mbele yake kama alivyopanga vikombe. Alimtazama, akaona kwamba kosa lile alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili. Kama kosa lake lilikuwepo, basi asubuhi ile walikuwa na mlango uliokuwa wazi. Mlango huo Celestin alitaka uwe umekuwepo, hata kama aliyeufunga ni yeye.

"Kula nyingine," alimwambia.

Jumamosi asubuhi Celestin alichomwa sindano yake ya mwisho. Muuguzi alimpa vidonge vya kutumia mpaka mwisho wa mwezi na kumwambia vidonge peke yake havitoshi, ila ni afadhali kuliko bure. Lori la mradi liliondoka likiwa na mbolea, mabati na watu wanane. Ubaldo aliwapandishia mizigo, akamwambia Celestin kwamba huko Katumba asiwaumulie watu unga bila kuuliza kama una hamira. Celestin alicheka kweli, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu na Bibiana alimfunika mumewe mdomo na pua kwa kanga. Walipata nafasi ya kukaa juu ya magunia, karibu na mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa ametoka kumwona ndugu yake hospitali. Mzee aliuliza kwa nini wanarudi, na wenzao wote wanatamani kutoka.

Celestin aliishusha kanga kidevuni.

"Mke wangu alikuwa na donge la unga wa Wazungu," alianza. "La barafu. Mama mpya angelila hilo, tungebaki."

Alieleza yote: friji, mafuta, tofali karibu na mtungi, beseni, bati la banda la kuku, namna alivyoligeuza kufuata jua. Alieleza kwa usahihi, bila kujipunguzia. Habari za wifi na godoro hakuzitaja. Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kwa hiyo mngebaki mjini?"

"Tungebaki."

"Mpaka umalize dawa?"

"Mpaka nimalize."

Mzee alimgeukia Bibiana, kana kwamba ushahidi wake ulihitajika.

"Ndiyo," alisema Bibiana. Kisha aliirudisha kanga juu ya pua ya mumewe, akaikaza nyuma ya kichwa, kwa sababu lori lilikuwa limeingia sehemu yenye vumbi zaidi na Celestin alikuwa ameanza tena kukohoa.